Fedha za mradi wa sanaa shuleni Mwanza: ruzuku, mkopo, wafanyabiashara au mfadhili wa nje?

Ngozi ya ngoma ikipata unyevu wa usiku wa ziwani inalegea, ukiipiga inatoa sauti ya debe lililojaa nguo. Watoto wa shule moja ya msingi niliyofanya nayo kazi hapa Mwanza walishajua dawa yake. Saa tatu asubuhi wanazitoa ngoma stoo, wanaziegemeza kwenye jiwe kubwa nyuma ya darasa la nne, na ikifika saa nne na nusu jiwe limeshika joto, ngozi imekaza. Msanii anapita anagonga kila moja kwa vidole viwili, anasikiliza, moja anaigeuza upande wa pili. Siku ile alipomaliza alimwendea mwalimu mkuu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wiki ijayo nije?" Mama yule akatazama chini. Ngoma zilikuwepo, watoto walikuwepo, jiwe lilikuwepo. Kilichokosekana ni shilingi elfu nne ya nauli na ujira wa mtu aliyeacha kibarua chake kuja pale. Hakurudi tena, na sikumlaumu.

Tangu hapo nimekaa na walimu na vikundi vingi vya wasanii wa Nyamagana, Ilemela na Magu, na swali ni lile lile: tuombe wapi? Nalinganisha hapa milango minne ambayo watu wetu huigonga kweli. Kipimo changu ni kimoja, nakisema mapema: ni nani atakayemlipa msanii kwa saa zake, na atamlipa kabla hajachoka? Rangi hupatikana. Soda hupatikana. Ujira wa msanii ndio unaoua miradi.

Bei ya mradi wenyewe

Tuchukue mradi wa mfano ili ukubwa wa tarakimu za wafadhili usitupoteze. Wasanii wawili, shule moja ya msingi, wiki kumi, vipindi viwili kwa wiki, kisha onyesho moja la wazi ambalo mtaa mzima unaalikwa. Kila msanii alipwe shilingi 30,000 kwa kipindi, hiyo ni 1,200,000. Vifaa, yaani ngozi, kamba, rangi na vitambaa, 650,000. Nauli 160,000. Onyesho lenyewe, na maji na uji wa watoto ndani yake, 350,000. Picha na taarifa 140,000. Jumla shilingi 2,500,000. Mwaka unaweza kubadilisha bei, lakini uwiano haubadiliki sana: karibu nusu ni ya watu.

Taasisi inayolipa ikiwa imesajiliwa, kumbuka pia kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Msanii aliyeambiwa elfu thelathini halafu akapewa 28,500 bila maelezo ataamini umemdhulumu. Mweleze siku ya kwanza.

Ruzuku ya shule na mifuko ya wazazi

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule ya msingi hupangiwa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo zinazofika shuleni na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto elfu moja inapata hivyo shilingi milioni 6 kwa mwaka, laki tano kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, utawala na michezo. Mradi wetu wa 2,500,000 ni ruzuku ya miezi mitano. Mwalimu mkuu anayesema hana, hana. Msanii asimnunie.

Hata hivyo shule ina kitu kingine cha kuchangia ambacho hakipo kwenye akaunti. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Andika mradi wako kama msaada wa somo hilo, vipindi viingie kwenye ratiba, na ghafla huombi tena chumba baada ya masomo: unacho, na mwalimu wa somo yupo pembeni yako. Kwa afisa elimu pia, barua inayotaja somo lililomo kwenye mtaala ina uzito kuliko inayotaja "burudani". Mwanza tuna bahati nyingine, Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimeandaa walimu wa muziki, sanaa za ufundi, sanaa za maonyesho na michezo kwa miaka mingi. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anaweza kumsaidia msanii darasani. Asichukue nafasi ya msanii, lakini watoto hamsini mbele ya mtu mmoja mwenye ngoma ni wengi mno.

Kwa upande wa wazazi, mambo yalibadilika baada ya Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni. Mchango wa hiari upo, lakini unapitia kamati ya shule na mkutano wa wazazi, unapewa kibali na halmashauri, na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Walimu wengi wanaogopa hata kulitaja neno lenyewe, na nawaelewa. Ninachoshauri ni kuomba vitu na muda badala ya fedha: ngozi ya mbuzi, kuni za kupikia uji, bibi anayejua nyimbo za wigashe aje asubuhi mbili awafundishe wasichana.

Usukuma ni mahali ambapo jamii imezoea kulipia sanaa, ila hailipi kwa risiti. Ngoma ya Bugobogobo ilizaliwa shambani. Watu wanalima kwa mapigo ya ngoma, mwenye shamba anawalisha, na mpigaji anahesabiwa kuwa mfanyakazi sawa na mwenye jembe. Na kila mwaka, kwenye tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora, Kisesa, katika sikukuu ya Ekaristi ambayo mara nyingi huangukia Juni, Bagika na Bagalu, pande mbili za wachezaji ngoma wa Kisukuma, bado zinashindana, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa kwake. Watu wanatembea kutoka mbali wakibeba chakula chao kwa sababu wana upande. Tulijaribu hilo shuleni. Badala ya onyesho moja la "wanafunzi wetu", tuligawa watoto pande mbili kufuata mitaa wanayotoka, kila upande na msanii wake. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mama mmoja muuza mihogo alikuja shuleni kuuliza kama upande wa kwao wameshapata njuga, maana amesikia wenzao wanazo. Hakuna barua ya kuomba mchango ingemleta mama yule.

Udhaifu wa mlango huu nausema wazi: unaleta watu, chakula, vifaa na moyo, lakini ujira wa wasanii kwa wiki kumi hauletwi. Ukiutegemea peke yake utarudi kwenye lile jiwe.

Mkopo wa halmashauri na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa

Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimeona vijana wazuri wakiumia.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejea mwaka 2024 ukiwa umerekebishwa. Kikundi kinasajiliwa, kinapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kinafungua akaunti, kinaandika mpango wa biashara. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao hukopesha wasanii na wadau wa utamaduni. Yote miwili ni mizuri, na kutokuwa na riba kwa ule wa halmashauri ni jambo kubwa kwa kijana asiye na kiwanja cha kuweka dhamana.

Lakini ni mkopo. Unarudishwa. Mradi wa shule hauingizi fedha: watoto hawalipi kiingilio, wala hatutaki walipe. Kikundi kikikopa ili kijilipe ujira wa kufundisha ngoma shuleni, mwezi wa marejesho utafika hakuna chanzo. Kinachofuata ni wanakikundi kukimbiana, mwenyekiti kuzima simu, na mwaka unaofuata kata nzima kuambiwa wasanii hawakopesheki.

Mahali ambapo mkopo unafaa ni kwenye mtaji wa msanii mwenyewe. Kuna kikundi cha vijana ninachokijua ambacho kilikopa kikanunua spika mbili, mikisa na maikrofoni. Ijumaa na Jumamosi vyombo vinakodishwa kwenye kitchen party na harusi, marejesho yanatoka huko. Jumanne vinapelekwa shuleni bure. Katika bajeti ya mradi ule wao waliandika "vyombo vya sauti: mchango wa kikundi", na mfadhili aliyesoma aliona kikundi kinachoweka chake mezani. Ukichagua mkopo, ununulie kitu kinachofanya kazi wikendi.

Kuhusu muda: mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na mipango ya bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Afisa utamaduni wa halmashauri ukimfikia Mei na wazo jipya, atakusikiliza kwa heshima na hatakuwa na la kukupa. Mfikie Oktoba au Novemba.

Wafanyabiashara wa mjini

Huu ndio mlango unaodharauliwa kuliko yote, na ndio ninaoupenda kwa mradi wa kwanza.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hatakupa milioni. Atakupa ndoo mbili za rangi ya maji na brashi, leo, ukimwendea na barua ya ukurasa mmoja yenye mhuri wa shule, mkiwa wawili: mwalimu na mwenyekiti wa kamati. Muuza vitambaa wa Makoroboi ana vipande vya mwisho wa jora vinavyotosha mavazi ya watoto ishirini. Mwenye maturubai ya harusi yuko huru siku ya Jumatano. Omba kitu anachouza, taja idadi, taja siku utakayokifuata. Barua inayosema "tunaomba msaada wowote" humpa mtu kazi ya kufikiri, na mtu mwenye wateja mlangoni hana nafasi ya kufikiri kwa niaba yako.

Kwa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, angalia mwezi. Simaanishi wa kalenda, namaanisha ule wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na fedha inakauka mikononi mwa watu. Niliwahi kupeleka barua saba siku za mbalamwezi, nikarudi na ahadi saba. Nilirudi giza lilipoingia na mizigo ikaanza kushuka, na watu wale wale walinipa fedha taslimu zilizolipa vipindi sita vya msanii. Ni mahali pekee mjini ambapo nimepata ujira wa msanii kutoka kwa mtu asiyetaka ripoti. Alitaka tu aalikwe, na alikuja, amevaa kanzu, akakaa mbele.

Ugumu uko kwenye masharti ya baadaye. Mwingine atataka nembo yake iwe kubwa kuliko mchoro wa watoto ukutani. Kubaliana kabla: jina lake kwenye bango la siku ya onyesho, ukuta ubaki wa watoto. Kampuni za pombe, sigara na kamari, hata zikija na fungu kubwa, shule iseme hapana. Na sura za watoto zisitumike kwenye tangazo lolote bila mzazi kuridhia kwa maandishi.

Kampuni kubwa na benki ni habari tofauti na wafanyabiashara hawa. Zimezoea kutoa madawati, mabati na vifaa vya hospitali, vitu vinavyohesabika na kupigwa picha. Si rahisi kuzielekeza kwenye saa za msanii. Kama una mtu ndani, jaribu. Kama huna, usipoteze muhula.

Wafadhili wa nje

Sasa tarakimu kubwa. Mfuko wa Kimataifa wa Utamaduni Anuwai wa UNESCO, unaotokana na Mkataba wa mwaka 2005 ambao Tanzania iliridhia mwaka 2011, hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi, na maombi hupitia kwanza kwenye Tume ya Taifa ya UNESCO. Prince Claus Fund ya Amsterdam ina tuzo zake za Seed, zilizoanza mwaka 2021: yuro 5,000 kwa msanii mmoja mmoja aliye mwanzoni mwa safari yake. Balozi mbalimbali, Goethe-Institut na Alliance Française wamewahi kuunga mkono kazi za sanaa nchini, kila mmoja kwa mwito na masharti ya mwaka husika.

Ziweke hizi mbili za kwanza upande kwa upande na mradi wetu wa 2,500,000. Ule wa UNESCO umekusudiwa kujenga mifumo ya sekta ya utamaduni, sio onyesho la shule moja. Ukiomba kwa shule moja umepoteza usiku wako. Unakuwa na maana pale taasisi iliyosajiliwa na yenye hesabu zilizokaguliwa inapotaka, tuseme, kuandaa wasanii wa kufundisha mashuleni kwa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Tuzo ya Seed inamfuata msanii mwenyewe na kazi yake. Inakwenda kwa mtu, haihitaji taasisi wala akaunti ya kikundi. Kwa hiyo msanii wa Mwanza mwenye kazi nzuri ya kijamii na picha nzuri za kazi hiyo anaweza kuiomba bila kumsubiri mtu. Yuro 5,000 ni zaidi ya shilingi milioni 10, zaidi ya miradi minne kama huu wetu.

Fedha za nje ndizo zinazolipa ujira vizuri kuliko zote, na hilo halina ubishi. Gharama yake iko kwenye mambo mengine. Maombi mengi ni ya Kiingereza, na mara nyingi anayejua Kiingereza kwenye kikundi siye anayejua ngoma, basi mradi unaanza kufanana na aliyeuandika. Utadaiwa usajili, sera ya ulinzi wa mtoto, akaunti yenye watia saini wawili, risiti za kila kitu hadi za bodaboda. Asasi isiyo ya kiserikali ikipokea fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ina wajibu kisheria wa kuzitangaza hadharani na kuwasilisha mkataba serikalini, kwa hiyo kuwa na mhasibu hata wa muda.

Tena kuna suala la saa. Taasisi moja iliyotufadhili ilituahidi fedha mwezi Machi. Ziliingia katikati ya Oktoba. Darasa la saba, waliokuwa uti wa mgongo wa mradi, walikuwa wameshafanya mtihani wao Septemba na wengine wameshahamia kwa ndugu zao Sengerema na Ukerewe. Mkataba ukatulazimisha kumaliza kabla ya Desemba. Tulicheza ngoma na watoto ambao hawakuwa wameijifunza, kwa sababu bajeti ilisema hivyo. Yule kijana aliyekuwa akitunga nyimbo zetu hakuuona mradi aliouanzisha. Siwezi kuisahau siku hiyo, na tangu wakati ule, kabla ya kusaini na mfadhili yeyote naomba sentensi moja iongezwe: fedha zikichelewa, tarehe ya mwisho isogee kwa kiasi hicho hicho.

Vibali, kwa milango yote

Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu, nakala kwa afisa utamaduni, msanii awe amesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Anza mapema, fuatilia kwa miguu, si kwa simu.

Nani achague upi

Kama ninyi ni mwalimu mmoja na msanii mmoja, hamjawahi kufanya mradi, anzeni na wafanyabiashara kwa ujira na vifaa, na wazazi kwa chakula na umati. Punguzeni mradi uwe wa wiki tano badala ya kumi, kuliko kuwa na wiki kumi ambazo tano hazina malipo. Fanyeni Februari na Machi, kabla mitihani haijaanza kuvuta watoto. Kama ni mchoro wa ukuta wa nje, subirini muhula wa Julai: mvua za masika huosha rangi ambayo haijakauka, na kiangazi ukuta unakunywa rangi vizuri.

Kama ninyi ni kikundi cha wasanii chenye usajili na kazi za kulipwa, chukueni mkopo wa vyombo na msiutaje kabisa kwenye bajeti ya shule, isipokuwa kwenye safu ya mchango wenu.

Kama mmeshamaliza mradi mmoja na mna picha, daftari la mahudhurio na barua ya mwalimu mkuu, hapo nendeni kwa mfadhili wa nje, na mwombe ujira kwanza, vifaa baadaye. Kati ya mfadhili anayetoa milioni tano kwa vifaa tu na anayetoa milioni mbili bila kuzuia malipo ya watu, mimi namchukua wa pili.

Kwa mlango wowote utakaochagua, kabla ya kipindi cha kwanza kuna karatasi moja ambayo mwalimu mkuu, msanii na mwenyekiti wa kamati wanaisaini. Yetu iko hivi: "Msanii atafundisha Jumanne na Alhamisi, saa 4:30 hadi 6:00. Atalipwa shilingi 30,000 kwa kipindi, pungufu ya kodi ya zuio 1,500. Atalipwa kila baada ya vipindi vinne, siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka shuleni. Nauli atapewa asubuhi. Fedha zisipokuwepo, mwalimu mkuu atamjulisha siku tatu kabla, na kipindi kitaahirishwa."